Kolaitisi ya vidonda: namna ya kushika dawa, chakula na utulivu kwa pamoja

Kwa karibu miaka mitatu nilitibiwa amiba. Kila nikiona damu kwenye choo nakwenda kupima, napewa metronidazoli, napata nafuu wiki moja au mbili, kisha mambo yanarudi palepale. Wengine walisema ni vidonda vya tumbo, wakaniletea juisi ya kabichi. Hadi siku nilipopimwa kwa kamera ya njia ya haja kubwa ndipo daktari alinionesha picha kwenye skrini: ukuta wa utumbo mpana mwekundu, umevimba, ukiguswa kidogo tu unavuja damu. Akaniandikia jina lake, kolaitisi ya vidonda.

Mwongozo huu ni kwa aliyekwisha kupewa jina hilo, au jina la nduguye, ugonjwa wa Crohn, na sasa anaambiwa mambo matatu kwa mpigo: meza dawa, angalia chakula, punguza mawazo. Nimeambiwa hayo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, lakini kujua yanashikana vipi ilinibidi nijifunze mwenyewe, na kwa gharama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, si daktari. Dozi yako ataipanga daktari wako. Ninayoweza kukupa mimi ni namna ya kuishi nayo.

Hatua ya 1: Jua ugonjwa wako umekaa wapi

Vidonda vya tumbo hukaa kwenye mfuko wa chakula na mwanzo wa utumbo mdogo, na mara nyingi huletwa na bakteria au dawa za maumivu. Kolaitisi ni kitu kingine kabisa. Hapa kinga ya mwili inaushambulia utando wa ndani wa utumbo mpana, ikianzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu. Crohn yenyewe inaweza kukaa popote, kuanzia mdomoni hadi kwenye tundu la haja kubwa. Inazama ndani ya ukuta wote wa utumbo, na baada ya muda inaweza kuuacha na sehemu nyembamba ambazo chakula hupita kwa shida.

Kwa hiyo ukikaa mbele ya daktari, uliza: ni kolaitisi au Crohn? Imefika wapi? Ni kali kiasi gani? Kuna mahali utumbo umebana? Hilo la mwisho ndilo litakalokuambia kama unaweza kula mahindi ya kuchoma. Na kama ugonjwa umeishia sehemu ya chini kabisa, huenda dawa ya kuweka njia ya haja kubwa ikakufaa kuliko vidonge, kwa sababu inatua palepale penye kidonda. Watu wanaona haya kuitumia. Mimi nilipoizoea niliona ni dawa kama dawa nyingine.

Omba ripoti ya kamera kwenye karatasi na uitunze. Na usikasirike daktari akichelewa kukupa jina. Huku kwetu amiba huharisha damu kama kolaitisi, na kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na Crohn. Ukipewa dawa za kushusha kinga wakati una kifua kikuu kilichojificha, unakifungulia mlango.

Hatua ya 2: Kidonge kwanza, na ukifunge kwenye jambo usilolisahau

Baada ya miezi minane ya sulfasalazini nilikuwa mzima. Choo mara moja kwa siku, damu hakuna, uzito umerudi. Nikajiambia kwamba sasa najua kula vizuri na nimetulia, vidonge vya nini tena? Nikaviacha bila kumwambia mtu. Mwezi wa nne tangu kuviacha damu ilirudi, tena nyingi kuliko mwanzo, nikalazwa.

Ninachotaka ukielewe kabla ya vyote ni kwamba kutulia kwa ugonjwa ni kazi ya dawa inayoendelea, hata siku usizosikia chochote. Chakula na utulivu wa akili havichukui nafasi ya dawa.

Sulfasalazini ndiyo inayopatikana kwa wingi na kwa bei ndogo. Inamezwa baada ya chakula, kwa maji mengi, na kwa kawaida unaanza na dozi ndogo inayopandishwa taratibu ili kichwa kisiume na kichefuchefu kisikuzidi. Mkojo utakuwa na rangi ya machungwa, usishtuke. Ukiwa na mzio wa dawa za salfa, sema mapema. Inapunguza vitamini ya foliki mwilini, kwa hiyo uliza juu ya vidonge vya foliki asidi. Wanaume wajue kwamba inaweza kupunguza mbegu za kiume, na kwamba hali hiyo hurudi sawa dawa ikiachwa. Wengi hawaambiwi, wanabaki kuhangaika ndani ya ndoa. Mesalazini ni jamaa yake wa karibu, haina salfa na huvumilika zaidi, ila bei yake ni kubwa. Vidonge vyake vina ganda maalumu la kuvifikisha utumboni, kwa hiyo usivivunje wala kuvisaga.

Prednisoloni inazima moto haraka, na kwa sababu hiyo watu wanaipenda kuliko inavyostahili. Ni dawa ya muda. Meza asubuhi baada ya kula, maana ukiimeza jioni unaweza kukesha. Usiiache ghafla hata ukijisikia vizuri vipi. Inashushwa kidogokidogo, kwa ratiba ya daktari, kwa kuwa mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Inapandisha sukari, inaongeza hamu ya kula, inaidhoofisha mifupa, na inaweza kukufanya mkali au mwenye huzuni bila sababu. Waambie wa nyumbani mapema kwamba huo ukali una chanzo.

Azathioprini, dawa ya kushusha kinga, huchukua miezi miwili hadi minne kabla ya kuonesha kazi, na damu lazima ipimwe mara kwa mara. Infliksimabu na adalimumabu nazo hushusha kinga, ni za dripu au sindano na zina nguvu zaidi. Kabla ya kuanzishiwa, hakikisha umepimwa kifua kikuu na homa ya ini B. Ukiwa kwenye dawa hizi tatu usichomwe chanjo zenye virusi hai, na chanjo ya homa ya manjano ni mojawapo. Kama una safari inayodai cheti cha homa ya manjano, zungumza na daktari kabla hujaanza dawa.

Kuna pia dawa za kuepuka. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila duka la dawa litakupa ukisema mgongo unauma, zinaweza kuuamsha ugonjwa. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli. Mizizi na majani usiyojua yana nini yasichanganywe na dawa hizi, na shubiri hasa, maana inaharisha.

Namna ya kukumbuka: usitegemee kengele ya simu peke yake. Funga kidonge kwenye jambo ambalo tayari hufanyika kila siku. Changu cha asubuhi kimefungwa kwenye uji, cha usiku kwenye chakula cha jioni. Kopo liko juu ya meza ya kulia, si kabatini. Zikibaki dozi za wiki mbili, ndiyo siku ya kwenda kununua.

Hatua ya 3: Kuwa na sahani mbili

Hakuna mlo mmoja uliothibitishwa kwamba unaponya kolaitisi. Atakayekuambia upo, anakuuzia kitu. Kwa watoto wenye Crohn kuna tiba ya lishe maalumu ya kunywa tu kwa wiki sita hadi nane, na inafanya kazi kweli, lakini hiyo husimamiwa na hospitali. Sisi wengine tunahitaji sahani mbili: ya siku ambazo ugonjwa umeamka, na ya siku ambazo umelala.

Ugonjwa ukiamka, kula laini na kidogokidogo, mara tano au sita kwa siku. Uji wa sembe, wali mweupe, mtori usio na mafuta mengi, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, papai, mayai ya kuchemsha, samaki wa mvuke, supu ya kuku iliyoenguliwa mafuta. Weka pembeni ugali wa dona, maharage, kabichi, mboga mbichi, matunda yenye maganda, karanga, pilipili, vya kukaanga, kahawa kali na soda. Maziwa yakikujaza gesi, jaribu mgando. Ile juisi ya kabichi niliyoletewa kwa upendo ilinizidishia msokoto kwa siku mbili.

Kosa kubwa zaidi la siku hizi ni kuogopa chakula chote ukabaki na uji mtupu. Utumbo unaovuja damu unapoteza protini, na mwili unahitaji nyingi kuliko kawaida. Wataalamu wa lishe hupendekeza gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku ugonjwa ukiwa macho, na gramu 1 ukiwa umetulia. Mtu wa kilo 60 ni gramu 72 hadi 90. Yai moja lina gramu 6 hivi, kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 20. Piga hesabu ya sahani yako ya jana, utaona pengo liko wapi.

Ukiharisha sana, kunywa maji ya chumvi na sukari: pakiti ya dukani, au lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai sita vya sukari visivyojaa kilima, na nusu kijiko cha chumvi. Maji matupu hayatoshi.

Ugonjwa ukilala, rudisha vyakula. Watu wengi hubaki na sahani ya mgonjwa miaka na miaka wakakonda bure. Rudisha kimoja kwa siku tatu, ukikivumilia ongeza kingine. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, yapike hadi yalainike kabisa. Mchicha, boga, karoti za kupikwa, embe lililomenywa, kunde, vyote vina nafasi. Vinavyostahili kupungua ni soda, soseji, biskuti na chipsi za kila jioni. Mwenye Crohn iliyobana utumbo ndiye pekee ambaye sheria yake inabaki kali: miwa, mahindi ya punje, nyuzi za chungwa na karanga nzima vinaweza kuziba.

Upungufu wa damu ni rafiki wa ugonjwa huu. Pima. Kama unameza vidonge vya madini ya chuma, chai isogezwe saa moja au mbili mbali, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Kwetu pwani chai na chakula ni pete na kidole, kwa hiyo hili lilinisumbua kuliko pilipili.

Kuhusu manjano: kiini chake kimejaribiwa pamoja na mesalazini kwa wagonjwa wa kolaitisi na kikaonesha kusaidia kiasi. Lakini kilichojaribiwa ni vidonge vyenye dozi kubwa kuliko ile ya mchuzini, na pamoja na dawa. Tia manjano kwenye mchuzi wako, na kidonge meza.

Sherehe ni mtihani wake peke yake. Harusini kwa wakwe, mama mkwe aliniona sahani imejaa.

"Mwanangu, mbona pilau hujaigusa?"

"Naipenda, mama. Ila utumbo wangu una vidonda, na wiki hii vimeamka. Nikila hii usiku sitalala."

"Na mbona hukusema? Nikupikie nini?"

"Wali mweupe na samaki wa kuchemsha, mama, vitanitosha."

Shughuli iliyofuata nilikuta sahani yangu pembeni, imefunikwa kawa.

Hatua ya 4: Shusha msongo unaoweza kushushwa

Msongo wa mawazo haukukuletea kolaitisi, na asikutwishe mtu lawama hiyo. Ila ugonjwa ukishakuwepo, vipindi vya mawazo mazito huenda pamoja na kuamka kwake, na ubongo na utumbo huzungumza kwa mishipa ya fahamu usiku na mchana. Hata asiyeumwa hukimbilia choo kabla ya usaili.

"Punguza mawazo" ni maneno tu kama hayana kazi ya kufanya. Mimi nilianza kwa kuandika kinachonitia hofu hasa. Cha kwanza hakikuwa pesa wala ndoa, kilikuwa choo. Darasa langu lina watoto zaidi ya sitini, na choo cha walimu kiko upande wa pili wa uwanja, kimefungwa kufuli, ufunguo kwa mwalimu wa zamu. Nikaomba barua kwa daktari, nikampelekea mwalimu mkuu. "Mwalimu, nina ugonjwa wa utumbo, siwezi kungoja." Hakuuliza zaidi, alinipa ufunguo wa pili. Wiki ile ile safari zangu za chooni zilipungua, na sikuwa nimebadilisha kidonge wala chakula.

Safari nazo zina mpango. Kwenda kliniki Dar kwa basi najua choo cha Segera na cha Chalinze, nabeba nguo ya kubadili, tishu, na pakiti ya chumvi na sukari. Kujua kwamba vipo kwenye begi kunanituliza hata nisipovigusa.

Kisha pumzi. Lala chali au keti umeegemea, mkono mmoja juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi nne, tumbo ndilo liinue mkono, kifua kitulie. Toa taratibu ukihesabu hadi sita. Dakika tano, mara mbili kwa siku. Nimeziweka zangu mara tu baada ya kumeza kidonge, ili vyote viwe tendo moja. Ongeza kutembea nusu saa siku nyingi za wiki ugonjwa ukiwa umelala, na usingizi usioibiwa na simu. Anayevuta sigara na ana Crohn, aache. Hakuna badiliko la maisha litakalomfaa zaidi ya hilo.

Zikipita wiki mbili huna hamu ya chochote, unalia, au unaona afadhali usingekuwepo, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Huzuni nzito ni ya kawaida kwa wagonjwa wetu, na ina matibabu.

Hatua ya 5: Daftari linaloonesha mambo yanavyoshikana

Chukua daftari la kawaida, chora safu sita: choo mara ngapi, damu ipo au haipo, maumivu kuanzia 0 hadi 10, vidonge nilivyomeza, chakula kipya, usingizi na siku ilivyokuwa. Mstari mmoja kwa siku. Ijumaa jioni soma wiki nzima.

Nilikuwa nimeyashitaki maharage. Nilikuwa na uhakika nayo kabisa. Daftari la miezi mitatu likaonesha kitu kingine: siku mbaya zilikusanyika mwisho wa mwezi na wiki za mitihani. Mwisho wa mwezi nilikuwa nagawa vidonge nusu ili vifike mshahara. Wiki za mitihani nilitoka nyumbani kabla ya uji, na kwa kuwa dawa yangu inamezwa baada ya kula, uji ukikosekana na kidonge hakimezwi. Msongo ulikuwa unakula mlo, na mlo uliokosekana ulikuwa unakula dawa. Maharage yalikuwa hayana hatia. Tangu hapo wiki za mitihani nabeba uji kwenye chupa ya chai na kidonge ndani ya karatasi, nameza saa nne ofisini.

Daftari likionesha dalili na vidonge umemeza vyote, kuna kipimo kinachosaidia kuamua: kalprotektini, protini inayotoka kwenye chembe nyeupe za damu na kupimwa kwenye choo. Ikiwa chini ya mikrogramu 50 kwa gramu, mara nyingi utumbo haujavimba, na unachosikia kinaweza kuwa gesi, chakula au wasiwasi, basi fanyia kazi hatua ya 3 na ya 4. Ikivuka 250, mara nyingi uvimbe umerudi na dawa ndiyo inayotakiwa kuangaliwa upya. Hakipatikani kila mkoa na kina gharama, lakini ni nafuu kuliko kujinyima vyakula mwaka mzima kwa kubahatisha.

Hatua ya 6: Ramadhani na ujauzito

Ugonjwa ukiwa macho usifunge. Ruhusa ya mgonjwa kulipa siku nyingine imo ndani ya Qur'ani yenyewe. Ukiwa umelala, muone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi. Mesalazini inaweza kumezwa dozi yote mara moja kwa siku bila kupoteza nguvu, sulfasalazini hugawanywa kwa hiyo inahitaji mpango kati ya futari na daku. Futuru kwa tende, uji na kitu laini. Bajia na kachori ziwe za kuonja. Kunywa maji kidogokidogo hadi daku.

Anayetaka mtoto apange ugonjwa ukiwa umetulia, na asiache dawa kwa hofu. Sulfasalazini na mesalazini huendelea kutumika wakati wa ujauzito, na foliki asidi juu yake. Hatari kwa mtoto ni ugonjwa ulioamka. Lakini methotreksati, dawa nyingine ya kushusha kinga, haifai kabisa, na huachwa miezi kadhaa kabla ya kushika mimba.

Hatua ya 7: Siku ya kutosubiri

Choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, pamoja na homa inayovuka 37.8 au mapigo ya moyo yanayovuka 90 kwa dakika ukiwa umetulia: nenda hospitali leo, si kesho. Vivyo hivyo tumbo likijaa na kuwa gumu, ukitapika na kushindwa kutoa hata hewa, ukizimia, au mguu mmoja ukivimba na kuuma. Wakati huo usimeze loperamidi ili kufunga choo, maana utumbo uliovimba vibaya unaweza kupanuka na kupasuka.

Kwenye begi langu, ndani ya mfuko wa plastiki, kuna karatasi moja: jina la ugonjwa, ulipofika, tarehe ya kamera ya mwisho, dawa zote na dozi zake, dawa zinazonidhuru, na namba ya simu ya mume wangu. Iandike yako leo. Usiku ule nilipolazwa sikuwa nayo, na nesi aliniuliza jina la dawa mara tatu nikiwa siwezi kulikumbuka.